Muziki wa Mashariki unamtafuta Verckys wake

Vijana wa Goma, Sake na Masisi hawakosi sauti. Wanachokosa ni ukumbi wa kuimbia na mtu wa kuuza wimbo. AFC/M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, banki zilifungwa, na anayetoka usiku anapima usalama kwanza. Hata kusafirisha baffle na jenereta hadi Masisi ni kulipa kwenye kila kizuizi.

Kongo ina mfano wa kujifunza. Georges Kiamuangana Mateta, aliyejulikana kama Verckys, alizaliwa Kisantu mwaka 1944 na akafariki Oktoba 2022. Alipuliza saksofoni katika OK Jazz ya Franco. Mwaka 1969 alitoka, akaunda orkestra Vévé na, jambo kubwa zaidi, nyumba yake ya kutoa sahani, Éditions Vévé. Kupitia hiyo zilivuma Bella Bella na Lipua-Lipua. Mwaka 1978 alifungua Vévé Centre, ukumbi wake mwenyewe mjini Kinshasa.

Hesabu yake ilikuwa wazi. Wimbo ulijaribiwa mbele ya watu ukumbini, sahani ikaupeleka mbali, na sahani hiyo ikarudisha watu mlangoni. Kila hatua, pesa ilibaki mkononi mwake. Wanamuziki wengi wa wakati ule walicheza kwa mwenye baa na kurekodi kwa mwenye studio, wakarudi nyumbani na sifa tu.

Lakini mfumo huo ulikuwa na kasoro. Mwenye vyombo, studio na ukumbi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, na mwimbaji mwenye jina hakukaa daima: Nyboma alitoka Lipua-Lipua, akaunda Les Kamalé. Baadaye kaseti za kunakiliwa ziliua soko la sahani.

Leo YouTube imechukua nafasi ya sahani, lakini swali ni lile lile: nani anamiliki wimbo? UNESCO iliorodhesha rumba ya Kongo Desemba 2021. Heshima hiyo peke yake haimlipi msanii wa Masisi. Anahitaji mkataba ulioandikwa, SOCODA inayomfikia huku Mashariki, na redio za jamii zinazopiga nyimbo zake bila kumdai pesa. Ukumbi mkubwa utangoja amani. Mkataba ni karatasi na kalamu. Huo hauna sababu ya kungoja.