Marekani: Camille Schrier, mwanasayansi aliyetumia taji la urembo kutetea usalama wa dawa

Tarehe 19 Desemba 2019, katika ukumbi wa Mohegan Sun huko Uncasville, jimbo la Connecticut, warembo waliofika fainali ya Miss America walitakiwa kuonyesha vipaji vyao. Wengi katika mashindano hayo huimba, hucheza ngoma au hupiga chombo cha muziki. Camille Schrier wa jimbo la Virginia, mwenye umri wa miaka 24, aliingia jukwaani na koti jeupe la maabara na miwani ya kukinga macho. Alichanganya kemikali mbele ya watu, na mapovu ya rangi yakaruka juu. Usiku huohuo alitangazwa Miss America 2020.

Jaribio lenyewe linafahamika kwa walimu wengi wa kemia. Hidrojeni peroksidi, dawa inayotumiwa pia kusafisha vidonda, huvunjika polepole na kutoa maji na oksijeni. Ukiongeza kichocheo, kazi hiyo hufanyika kwa sekunde chache. Sabuni iliyomo hunasa oksijeni, na povu hupanda kwa nguvu. Hakuna uchawi hapo, ni somo la shule ya sekondari. Jambo jipya lilikuwa mahali lilipofundishwa: mbele ya kamera za televisheni, katika mashindano ambayo kwa miaka mingi yalipima zaidi umbo la mwanamke.

Schrier hakuwa mgeni wa maabara. Alikulia Pennsylvania, kisha akasoma katika chuo kikuu cha Virginia Tech, ambako mwaka wa 2018 alimaliza na shahada mbili, moja ya biokemia na nyingine ya biolojia ya mifumo. Baadaye alianza masomo ya udaktari wa farmasia katika Virginia Commonwealth University, mjini Richmond.

Alipokuwa kijana mdogo aliwahi kushiriki mashindano ya urembo, lakini aliyaacha. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba aliwahi kuugua tatizo la ulaji, ugonjwa unaomfanya mtu aone mwili wake kama adui. Kwa mtu wa namna hiyo, kupita mbele ya majaji akiwa na nguo ya kuogelea halikuwa jambo jepesi.

Mwezi wa Juni 2018 mambo yalibadilika. Miss America, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1921 huko Atlantic City, yalitangaza kwamba nguo ya kuogelea imeondolewa na kwamba majaji hawatatoa tena alama kwa sura. Wakati huo baraza la waandaaji liliongozwa na Gretchen Carlson, mwandishi wa habari aliyevaa taji hilohilo mwaka wa 1989. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyomrudisha Schrier. Mwezi wa Juni 2019 alichukua taji la Virginia, na miezi sita baadaye la inchi nzima, pamoja na msaada wa masomo wa dola 50,000.

Hapo ndipo swali kubwa linapoanza. Taji la urembo linaweza kusaidia nini sayansi?

Kila anayeshiriki Miss America huchagua jambo moja la kutetea katika jamii. Schrier alichagua usalama wa dawa, kuanzia kwa watoto wadogo hadi kwa wazee: kumeza dawa kwa kipimo kilichoandikwa, kuzifungia mbali na watoto, kutomgawia jirani dawa ulizoandikiwa wewe, kutozitumia kama kilevi.

Mada hiyo iligusa kidonda cha Marekani. Kwa mujibu wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayofuatilia magonjwa, karibu watu 500,000 walikufa kati ya mwaka wa 1999 na 2019 kwa kuzidisha kipimo cha afyuni na dawa za jamii yake. Janga hilo halikuanzia kwa wauzaji wa mitaani. Lilianzia kwenye dawa halali za maumivu, zilizoandikwa na waganga na kuwekwa ndani ya kabati za nyumbani. Purdue Pharma, kampuni iliyotengeneza dawa ya OxyContin, ilikiri makosa mbele ya sheria mwaka wa 2007, kisha tena mwaka wa 2020.

Mfamasia huongea na mgonjwa mmoja mmoja dirishani. Mwenye taji huitwa shuleni, vyuoni na kwenye televisheni, na watu humsikiliza hata kabla hajasema neno. Schrier alikuwa na vyote viwili, mlango uliofunguliwa na taji na elimu ya kujibu maswali. Ugonjwa wa Covid-19 ulikatiza safari zake baada ya miezi michache, na mikutano mingi ikahamia kwenye intaneti. Kwa kuwa mashindano hayakufanyika mwaka wa 2020, alibaki na taji karibu miaka miwili, hadi Desemba 2021 alipomkabidhi Emma Broyles wa Alaska.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, ujumbe wa kujua dawa unayomeza si jambo la mbali. Mwishoni mwa mwaka wa 2014 na katika mwaka wa 2015, zaidi ya wagonjwa 1,000 walipokelewa katika Ituri wakiwa na misuli iliyokaza ya uso, shingo na ulimi. Mwanzoni ilihofiwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ulionyesha kwamba watu hao walimeza komprime zilizouzwa kama diazepam, dawa ya kutuliza, kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa nzito ya magonjwa ya akili. Mwaka wa 2017, shirika la afya duniani OMS lilikadiria kwamba katika inchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haina ubora.

Lakini taji lina mipaka yake. Haliandiki sheria, halikagui maghala ya dawa, halizuii kampuni kudanganya. Kuna pia wanaouliza kwa nini mwanamke msomi apitie kwanza jukwaa la urembo ndipo asikilizwe. Swali hilo ni la haki. Mwanaume mwenye shahada mbili haombwi kuvaa gauni la jioni ili aeleze hatari ya dawa. Hata bila nguo ya kuogelea, mashindano haya yanabaki na taa, mapambo na ushindani wa wasichana mbele ya majaji.

Hata hivyo, njia hiyo imeendelea kupitiwa na wengine. Desemba 2022, Miss America 2023 alikuwa Grace Stanke wa Wisconsin, mwanafunzi wa uhandisi wa nyuklia, ambaye baada ya masomo aliajiriwa katika kampuni ya umeme ya Constellation. Januari 2024 taji lilimwendea Madison Marsh, afisa wa jeshi la anga mwenye shahada ya fizikia. Schrier naye hakuacha farmasia, na leo ana shahada ya udaktari katika fani hiyo.

Kwa waandaaji wa mashindano ya urembo huku Kongo, jambo la kuangalia ni zawadi pamoja na kazi anayopewa mshindi. Msaada wa masomo unalipa minerval na kumrudisha msichana darasani baada ya mwaka wa sherehe. Na mshindi anayejua vizuri jambo analolitetea, iwe dawa, maji safi au kansa ya matiti, anaweza kuulizwa maswali na mama wa sokoni na kumjibu bila kusoma karatasi.