Jua na Upepo Havitoshi Bila Sheria Thabiti

Ni jambo lisilofichika kwamba Kenya imejaliwa neema kubwa ya nishati. Jua huwaka Garissa na Lodwar karibu mwaka mzima, upepo huvuma Loiyangalani usiku na mchana, na chini ya Bonde la Ufa mvuke unatokota. Hata hivyo, wangali wanafunzi wanaodurusu vitabu vyao kwa mwanga wa koroboi. Iweje mwenye kisima afe kiu?

Aghalabu jibu tunalopewa ni uhaba wa fedha. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu tu ya ukweli. Fedha huenda mahali ambapo sheria inaeleweka na haigeuki kila msimu.

Tuutazame mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Kufikia mwaka 2017 mitambo yote 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imekwisha kusimamishwa katika Kaunti ya Marsabit. Lakini njia ya kupitishia umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, iliyokuwa jukumu la serikali, haikukamilika hadi Septemba 2018. Mkataba ulidai mwekezaji afidiwe hata kama umeme wake hauna pa kupitia. Hivyo basi mapangaboi yakabaki kimya, fidia ya mabilioni ya shilingi ikahesabiwa, na sehemu ya mzigo huo ikamwangukia mwananchi katika ankara ya umeme. Kisha, mwaka 2021, mahakama ya mazingira na ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu. Katika hayo yote, upepo haukuwa na hatia.

Nishati ya jua nayo imeonja adha yake. Mwaka 2013 vifaa vyake vilitozwa kodi ya VAT. Mwaka 2014 vikasamehewa. Mwaka 2020 vikatozwa tena. Mwaka 2021 vikasamehewa tena. Mwalimu mkuu anayedunduliza fedha za kuangaza bweni moja, ahesabu kwa bei ipi?

Mahali ambapo sera ilitangulia, matunda yameonekana. Umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa Olkaria mwaka 1981. Kuchimba kisima cha mvuke ni kama kubahatisha, kwani fedha nyingi huweza kuzikwa ardhini bila faida. Ndiyo maana mwaka 2008 serikali iliunda shirika la GDC ili libebe hatari hiyo ya mwanzo kwa niaba ya wawekezaji. Leo hakuna nchi ya Afrika inayoifikia Kenya katika umeme wa aina hiyo.

Wapo watakaosema kwamba Hazina ya taifa haiwezi kuishi bila kodi. Hilo hatulipingi. Tunachodai ni kwamba kodi ya vifaa hivi, iwe ya kutozwa au ya kusamehewa, iwekewe muda wa miaka isiyopungua kumi. Aidha, mkataba wa kuzalisha umeme usitiwe sahihi kabla ya suala la ardhi kukamilishwa na wenyeji, na kabla ya fedha za nyaya kupatikana.

Bunge likitenda hayo, koroboi itasalia katika masimulizi ya wazee. Lisipotenda, tutazidi kulipia upepo usiotuangazia.