Tairi la trekta lisinunuliwe kwa bei pekee

Wamiliki wengi wa trekta za kulimisha kwa ekari wanapopiga hesabu ya faida, huanza na dizeli na mshahara wa dereva. Tairi za nyuma hazitajwi hadi zipasuke. Hesabu hiyo ina pengo, kwani trekta ya nguvu za farasi 75 inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma tu huvuta plau kwa kutegemea tairi mbili.

Tairi ikizunguka bila trekta kusogea, dizeli imeungua na ekari haijalimwa. Mtelezo wa asilimia 8 hadi 15 shambani ni wa kawaida. Ukizidi hapo, fedha zinapotea. Kuupima hakuhitaji fundi. Weka alama ya chokaa kwenye tairi, lima mizunguko 10, kisha rudia umbali uleule plau ikiwa imeinuliwa. Ikitosha mizunguko 8, mtelezo umefika asilimia 20.

Wauzaji husifia kashata ndefu. Hizo ni za majaruba ya mpunga. Kwenye ardhi kavu na barabarani huisha upesi. Tairi za rediali ni ghali, lakini hukanyaga eneo kubwa kwa upepo mdogo, hivyo hushika vizuri na hazishindilii sana udongo. Kwa mwenye ekari chache, za kawaida zinatosha.

Mtumba je? Zikiwepo tarakimu nne za tarehe ubavuni, zisomwe: 1412 ni wiki ya 14 ya mwaka 2012, hata kama kashata ni nzima.

Wakopeshaji wa trekta nao waingize gharama ya tairi kwenye mchanganuo wa mkopo kabla mkulima hajatia saini.