"Jikaze" Si Huduma ya Kwanza

Kwenye mechi za watoto huku Nkoaranga, wawili wakigongana vichwa, tiba ni maji ya chupa kisogoni na neno moja: jikaze. Mtoto anarudi mchezoni, nasi tunampigia makofi. Napinga makofi hayo. Goti likivimba tunaliona. Ubongo ukitikisika hatuuoni, na mtoto atasema yuko sawa kwa kuogopa kupoteza namba.

Sheria za soka haziko upande wetu. Sheria ya 5 inamtaka mwamuzi asimamishe mchezo mchezaji akiumia vibaya. Sheria ya 3 inaruhusu mechi za vijana, shirikisho likiridhia, kumrudisha aliyetolewa. Basi kocha anaogopa nini kumtoa mtoto akaguliwe?

Mtasema hatuna daktari uwanjani. Kumtoa mtoto hakuhitaji daktari. Kunahitaji filimbi na mtu mzima mwenye msimamo. Aliyegongwa kichwa asirudi siku hiyo, hata akilia. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Ipo hapa hapa Nkoaranga.

Mbuzi wa ubingwa atashindaniwa tena mwakani.