Kompyuta bila mwalimu haimvushi mtoto ziwa

DESEMBA 2021, kundi la kwanza la wakimbizi wa Kongo liliondoka katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, kurudi kwao Pweto chini ya mpango wa kurejea kwa hiari. Walikuwa miongoni mwa maelfu waliovuka mpaka kuanzia Agosti 2017, mapigano yalipozidi katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Mtu anayerudi nyumbani hufunga sufuria, godoro na jembe. Elimu ya mtoto haifungwi kwa kamba, na ndiyo iliyo rahisi kupotea njiani.

Tufikirie safari ya mtoto huyo. Mantapala alifuata mtaala wa Zambia. Kwa mujibu wa mtaala uliorekebishwa mwaka 2013, mtoto wa Luapula alifundishwa kwa Kibemba hadi darasa la nne, kisha akaanza kusoma kwa Kiingereza darasa la tano. Akifika Pweto anakuta Kifaransa darasani na Kiswahili nje ya darasa. Hesabu anazijua, ila hana lugha ya kuzieleza mbele ya mwalimu wake mpya. Anaweza kurudishwa madarasa mawili nyuma. Na akiwa ni binti wa miaka 14 anayewekwa dawati moja na watoto wa miaka 10, kila mzazi anajua kinachofuata: ataona haya, ataacha shule, ataolewa mapema.

Hapo ndipo suala la kusoma kwa kompyuta linapowagusa watu wa mwambao wa Ziwa Mweru, tangu Mwansabombwe kwenye makao ya Mwata Kazembe hadi Kashikishi na Chiengi, na ng'ambo ya pili Kilwa na Pweto. Mfanyabiashara anayevusha dagaa, unga na vitenge hujiuliza kama fedha yake aiweke kwenye kompyuta ya mtoto au kwenye mzigo mwingine. Aliyerejea hujiuliza kama chombo hicho kinaweza kumrudishia mwanawe miaka iliyopotea. Ni maswali ya haki na yanastahili jibu la wazi.

Sisi tunaona kompyuta inafaa. Lakini inafaa kwa masharti, na masharti hayo yasipotimizwa inageuka kuwa hasara.

Tuanze na faida. Ya kwanza, hasa kwa watu wanaoishi huku na huku ya mpaka, ni kwamba masomo yanaweza kuvuka pamoja na mtoto. Vitabu vya miaka mitano ni mzigo wa gunia zima, na mvua moja tu ndani ya boti inavimaliza. Masomo hayo hayo yakiwa ndani ya flashi hutiwa mfukoni. Zipo programu za bure, kama Kolibri, zilizotengenezwa kwa ajili ya sehemu zisizo na intaneti. Masomo huingizwa mara moja, kisha wanafunzi huyasoma siku zote bila kununua bando. Programu hiyo imetumika katika shule za wakimbizi za Kakuma nchini Kenya, na ndani yake mna masomo ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Mtoto aliyesoma sehemu za namba kwa Kiingereza anaweza kuzisoma tena kwa Kifaransa kabla hajafunga safari.

Faida ya pili ni subira. Zambia ilifuta ada katika shule za serikali hadi mwisho wa sekondari mwaka 2022, na Kongo ilifanya elimu ya msingi katika shule za umma kuwa bure kuanzia Septemba 2019. Ni hatua njema, lakini zimejaza madarasa. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumrudia kila mmoja. Kompyuta humrudia mara kumi bila kukunja uso. Mwaka 2015, katika mji wa Delhi nchini India, watafiti walipima programu iliyompa kila mwanafunzi maswali ya kiwango chake mwenyewe badala ya kiwango cha darasa lake. Katika muda wa miezi minne na nusu wanafunzi hao walipanda vizuri kwa hisabati na Kihindi, na waliokuwa nyuma walifaidika pia. Lakini ikumbukwe kuwa nusu ya muda wao walikaa na mwalimu msaidizi.

Faida ya tatu wafanyabiashara wanaifahamu wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana anayejua kupanga hesabu kwenye kompyuta, akaandika kwacha upande mmoja na faranga upande wa pili, ni msaada mkubwa dukani hata kabla hajamaliza shule.

Sasa tuje kwenye hasara, ambazo wauzaji wa kompyuta hawazitaji.

Kompyuta haifundishi kwa kuwapo tu. Peru iligawa kompyuta mpakato kwa wingi katika shule za vijijini, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu shule 319 ulionyesha kuwa matokeo ya hisabati na lugha hayakupanda. Watoto walikuwa na mashine, lakini masomo hayakuwa yamepangwa kuzitumia, na walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Tanga, Tanzania. Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzoni mwa 2019, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Vilichajiwa kwa umeme wa jua, na watoto walijisomea bila mwalimu kwa miezi 15. Walipoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Walipomaliza, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa, na Mei 2019 timu mbili ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Lakini tuisome hesabu hiyo hadi mwisho: kundi kubwa la watoto lilibaki pale pale. Kompyuta peke yake iliwafikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki ni kazi ya mwalimu.

Hasara nyingine ni uvivu wa akili. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi mwenye intaneti anaweza kuandikiwa insha nzima kwa dakika moja. Anapeleka kazi safi, anapewa alama, naye hajajifunza kitu. Siku ya mtihani atakaa na karatasi na kalamu, bila mashine ya kumjibia, na hapo ndipo ukweli utakapojulikana. Tusisahau pia filamu, michezo na kamari za mtandaoni. Mzazi aliyeko safarini hawezi kujua kama kioo kinachowaka usiku kucha kinawaka kwa ajili ya masomo.

Kisha kuna umeme. Ukame wa 2024 ulipunguza maji ya Kariba na Zambia nzima ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Shule iliyotegemea waya peke yake ilibaki na kompyuta za mapambo. Na kabla ya hapo, tangu kompyuta ilipofanywa somo katika sekondari ya chini kwa mtaala wa 2013, shule nyingi za vijijini zililifundisha bila mashine za kutosha. Februari 2018 picha za mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, zilizunguka dunia. Alikuwa amechora kioo kizima cha kompyuta ubaoni kwa chaki ili wanafunzi wake wajue kinavyofanana. Dunia ilicheka, kisha ikamsaidia. Lakini mwalimu huyo alituonyesha jambo moja: darasa lenye mwalimu wa namna hiyo na halina mashine lina matumaini kuliko lenye mashine na halina mwalimu.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kufungua mkoba, jiulize maswali manne. Nani atamwongoza mtoto? Masomo yaliyomo ni ya mtaala gani na lugha gani? Mashine itachajiwa wapi? Na je, mtoto tayari ana daftari, kalamu na sare? Kama jibu la mwisho ni hapana, anza na hilo. Ikumbukwe kuwa uvuvi upande wa Zambia hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, wakati shule hufunguliwa Januari. Mkono ukiwa mtupu si wakati wa kukopa ili kununua kompyuta iliyotumika ambayo betri yake imekufa.

Njia iliyo bora ni kuungana. Wazazi watano au kumi wakichanga wanaweza kununua kompyuta moja nzima na paneli ya sola, wakaiweka shuleni au kwenye nyumba ya ibada, chini ya mwalimu mmoja anayeaminika na kwa ratiba inayojulikana. Ratiba hiyo iwape wasichana saa zao, tena za mchana, kwa maana jioni wao ndio wanaotumwa jikoni na kisimani huku kaka zao wakishika kibodi. Bonde hili halipaswi kukumbushwa thamani ya kumsomesha binti: Mbereshi, jirani na Mwansabombwe, palikuwa na shule ya bweni ya wasichana tangu mwaka 1915.

Serikali nazo zina deni. Lusaka na Kinshasa hazina budi kukubaliana jinsi ya kulinganisha madarasa, ili cheti cha mtoto kitambuliwe pande zote mbili. Wanaosimamia safari za kurejea wahakikishe kila mtoto anaondoka na matokeo yake yakiwa kwenye karatasi na nakala yake ikiwa imehifadhiwa kwenye kompyuta. Tena miezi kadhaa kabla ya safari aanze masomo ya Kifaransa, yaliyowekwa kwenye mashine zisizohitaji intaneti na kusimamiwa na walimu ambao wenyewe ni wakimbizi. Walimu hao wapo na lugha wanaijua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kumrudisha mtoto darasa la pili akiwa na ndevu.

Kiswahili si kigeni katika nchi hii. Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta mfanyabiashara kutoka pwani, Mohammed bin Saleh, ameishi huko miaka mingi. Biashara ilikivusha Kiswahili kutoka pwani hadi Mweru, na bado kinavusha bidhaa kila asubuhi. Leo programu za timu zote tano zilizofika fainali ya shindano la Tanga ziko wazi na hazina malipo. Tunatoa wito kwa shule na wafadhili wa pande zote mbili za ziwa wazichukue na kuzijaribu kwa watoto wadogo wanaozungumza Kiswahili, na kila palipo na mashine pawepo mwalimu. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo haijipigi yenyewe: inataka mikono.