Mti Unaoelemea Paa la Jirani

Masika yanakaribia, na huu ndio wakati wa kuinua macho tukaitazama miti ya uani. Ardhi iliyolowa hulegeza mizizi, matawi huongezeka uzito kwa maji, na upepo wa robo saa hutosha kuuangusha mwembe ambao familia imekula matunda yake kwa vizazi vitatu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu na minazi mingi mno ya Unguja, lakini mti wenye kasoro haungoji kimbunga. Huangushwa na mvua ya kawaida, na mara nyingi ni mti ambao mtaa mzima ulikwisha kuuona.

Basi kwa nini hukaa bila kukatwa? Kwa maoni yetu, kizuizi si fedha tu, bali ni maneno. Katika mwambao wetu mti huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mnazi ni wa warithi wa marehemu fulani, kiwanja kimekwisha kuuzwa, na nyumba iliyo chini yake anakaa mpangaji asiye na kauli. Warithi ni tisa, mmoja yuko Muscat, wawili hawasemezani. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na watoto wanalala chini ya mnazi uliokufa kilele.

Fiqhi haikuliacha jambo hili. Wanazuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyoenea mwambao huu, wameeleza kwamba matawi yakiingia katika anga ya jirani, jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti ayaondoe. Akikataa, jirani huyapinda kuyarudisha. Yasipopindika, anaruhusiwa kuyakata bila kungoja hukumu ya kadhi. Majalla, mkusanyiko wa sheria wa dola ya Uthmaniya, nayo ilimpa jirani haki ya kudai matawi yafungwe au yakatwe, ila ikamnyima haki hiyo ikiwa lalamiko lake ni kivuli tu. Na Wahanafi wamezungumzia kwa urefu ukuta ulioinama: mwenyewe akishatakiwa auondoe, akapata muda wa kutosha na asifanye kitu, hudhamini kitakachoharibika.

Hatutoi fatwa hapa. Suala la dhamana lipelekwe kwa mwanachuoni. Lakini njia iko wazi: jirani aambiwe mapema, kwa adabu, mbele ya watu wawili waaminifu, na ikibidi jambo lipitie kwa imamu na serikali ya mtaa, au kwa sheha kwa walioko Zanzibar. Kumpigia mtu kelele mlangoni mbele ya wanawe si kumwonya, ni kumgombeza.

Mti wa hatari una alama zake. Iliyo kubwa ni udongo uliopasuka au kuinuka upande ulio kinyume na ule unaoinamia mti. Familia ikiiona hiyo, usiku huo isilale upande ambao mti utaangukia. Zipo nyingine: uyoga shinani, shina linalolia tupu likigongwa, ufa kwenye panda, matawi makubwa yaliyokauka. Na ipo alama isiyoonekana. Fundi alipochimba msingi wa ukuta au shimo la choo alikata mizizi ya upande mmoja, akafukia, akaenda zake. Mti huo huweza kubaki na majani mabichi kwa miaka, na ndio unaotutia hofu zaidi. Kuinama peke yake si hoja. Mnazi uliokua umeinama tangu mchanga huweza kudumu.

Kujua utakapofika ukianguka ni rahisi. Shika kijiti wima kwa mkono ulionyooka, sehemu iliyo juu ya ngumi ilingane na umbali wa kutoka ngumi hadi jicho. Rudi nyuma, katika ardhi tambarare, mpaka kijiti kilingane na mti kuanzia shina hadi kilele. Umbali wa kutoka hapo uliposimama hadi shinani ndio urefu wa mti kwa kukadiria. Siku ya kukata, wasiohusika wakae mbali angalau mara mbili ya urefu huo.

Mti ulio baina ya nyumba hauangushwi mzima. Hushushwa kwa vipande kuanzia juu, kila tawi zito likifungwa kamba kabla ya kukatwa, wala mtu asisimame chini ya aliye juu. Mnazi uliooza usikwewe hata na mkwezi hodari, maana shina lenyewe ndilo ngazi yake. Kazi hii ni ya mafundi wenye zana. Kijana wa jirani mwenye panga na moyo mwema hatoshi.

Penye waya za umeme hata fundi huyo asianze. Mti mbichi, na zaidi ukilowa, hupitisha umeme, na katika njia za msongo mkubwa, kama zile za kilovolti 11 na 33, umeme huweza kuruka kabla tawi halijagusa waya. Shirika la umeme liarifiwe, TANESCO kwa Bara na ZECO kwa Zanzibar, likate matawi lenyewe au lizime njia hiyo, na kazi isianze mpaka mafundi wake wathibitishe kuwa imezimwa. Mgao wa umeme si ruhusa ya kupanda, kwani unaweza kurudi wakati wowote. Tunawasihi akina mama pia wawanyang'anye watoto ngoeko za bomba la chuma wanazotungulia maembe chini ya waya.

Waya ukianguka, ukimya wake si dalili ya kufa. Watu wakae mbali kwa mita 10 au zaidi, kwa kuwa ardhi yenyewe huwa na umeme. Aliyejikuta karibu aondoke kwa hatua fupi za kuburura, miguu ikigusana, asikimbie. Aliyenaswa asishikwe mpaka umeme uzimwe, hata akiwa ni mwana na anayetazama ni mzazi wake. Tunajua ugumu wa maneno haya, lakini mkono unaomshika huongeza jeneza la pili.

Limebaki la gharama, ambalo huzua ugomvi baada ya hatari kuondoka. Mti ukishakatwa, mbao na kuni hubaki mali ya mwenye mti, hata kama jirani ndiye aliyemlipa fundi. Wapatane kabla ya msumeno kuletwa: thamani ya mbao ikatwe katika gharama, na warithi wote wapelekewe habari, yule wa Muscat akiwa miongoni mwao.