Bloku Hainunuliwi kwa Jina

"Kaka, hii ni 2JZ, haifi hii. Funga tabo lolote unalotaka."

Maneno hayo aliambiwa kijana mmoja mbele yangu wiki iliyopita, kwenye duka la injini za mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam. Muuzaji ameegemea 2JZ-GE iliyopuliziwa rangi ya silva mpaka kwenye boliti. Kijana ana Mark II GX 100, anataka kutoa 1G iliyokuja na gari na kufikisha farasi 600. Akaanza kuhesabu noti. Kati yao hakuna aliyeshika hata rula.

Imani hii imenichosha. Imetapakaa kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Ilala: bloku ikiwa ya chuma na ikiwa na jina, mjadala umekwisha. Watu wanaobishana nusu saa kuhusu bei ya plagi wanabeba bloku ya mamilioni bila kuipima popote.

Sifa za 2JZ nazijua. Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1991: silinda sita kwenye mstari mmoja, tundu la mm 86, mwendo wa pistoni mm 86, deki iliyofungwa, krenki iliyoshikwa na beringi kuu saba. Lakini hizo ni sifa za bloku siku ilipotoka kiwandani. Ya Gerezani imeshaishi maisha ya watu wengine. Imechemshwa, imekimbizwa na oili nyeusi kama lami, imefunguliwa na kufungwa na mafundi usiowajua. Jina halikusimulii chochote kuhusu hayo. Kipimo kinakusimulia yote.

Laza rula iliyonyooka juu ya deki, mshazari, upande huu na upande ule, kisha pitisha fila geji chini yake. Mpindo ukizidi mm 0.05 ujue gasketi ya hedi itakusumbua pindi tabo likianza kusukuma. Pima kila silinda juu, katikati na chini, kwa urefu wa bloku na kwa upana wake, maana silinda iliyochoka hupanuka zaidi juu na kuwa na umbo la yai. Ukikuta imeliwa, utaichonga iingie pistoni ya mm 86.5 au 87. Hapo nawe umepunguza unene wa ukuta, na unene huo nao una kipimo chake. Fundi anayejua kazi hufunga bamba zito juu ya deki kabla ya kusugua silinda, ili chuma kikazwe kama kitakavyokazwa na hedi. Uliza ni wangapi mtaani wana bamba hilo.

Kisha kuna maji, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Toa kifuniko kimoja cha njia ya maji ubavuni mwa bloku, ingiza kidole. Niliwahi kufanya hivyo kwenye injini niliyoapiwa kuwa imeshuka juzi kutoka Japani. Kidole kilitoka na tope jekundu, zito, la kutu. Kwangu hiyo ilikuwa dalili ya gari lililojazwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Kutu hiyo hula ukuta wa silinda kwa nje, mahali ambapo ukichungulia kwa juu huoni kitu: ndani panang'aa, nyuma pamebaki ganda. Uifungie tabo bloku hiyo halafu uje kulaumu Wajapani.

Watetezi wa jina wana hoja moja wanayoitegemea: mbona YouTube Wamarekani wanapata farasi 1,000 kwa bloku ya kiwandani? Ndugu zangu, mlianza kuangalia video dakika ya ngapi? Kabla ya gari kupanda kwenye mashine ya kupimia nguvu, bloku hiyo imevuliwa, imeoshwa, imepimwa, imechongwa, imetiwa pistoni na konrodi za kufuliwa (forged). Ninyi mnaruka hadi kwenye moshi wa matairi. Isitoshe, wengi wanaanza na 2JZ-GTE, toleo la tabo, yenye mgandamizo wa 8.5:1 na pua za kunyunyizia oili chini ya pistoni. GE ya kijana wetu ina mgandamizo wa 10:1 na pua hizo haina. Ukiisukuma kwa pupa kwa petroli ya kituo cha kawaida, pistoni zinameguka kwenye nafasi za ringi.

Wengine wakishindwa hapo wanageukia kucheka Subaru, eti bloku ya alumini ni sufuria. Supra iliyotoka mwaka 2019 ina injini ya B58 ya BMW, na bloku yake ni ya alumini. Nissan GT-R ya R35, inayopita farasi 1,000 mikononi mwa mafundi wazuri, bloku yake ni ya alumini pia. Sufuria gani hiyo? Kinachopimwa ni deki, ukuta na beringi. Vipime.

Na kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" nacho kimekuwa kichaka cha kujifichia. Injini inauzwa kwa mamilioni, risiti inaandikwa "spea", tena kwa bei ya uongo, na wiki ya pili ikinoki muuzaji hakujui. Foleni ya Kariakoo umeila, kuli umemlipa, mzigo ni wako.

Kijana, fanya hivi. Nenda na fundi mwenye vipimo vyake, lipa advansi ndogo kwa sharti la kupima, na hedi ivuliwe mbele yako. Namba iliyogongwa kwenye bloku iandikwe kwenye risiti, kwa sababu kadi ya gari nayo ina namba ya injini na siku moja utaulizwa. Muuzaji akigoma kuvua hedi, mwachie injini yake na rangi yake ya silva, uvuke barabara. Maduka ya injini Gerezani ni mengi.